Jana Skizofrenia, Leo Baipola: Je, Daktari Amekosea?

Ndugu wasomaji, swali la mwezi huu tunalisikia mara nyingi kutoka kwa familia zinazouguza mgonjwa wa akili nyumbani. Mgonjwa alipolazwa mara ya kwanza, kwenye cheti iliandikwa skizofrenia. Miaka mitatu baadaye daktari mwingine akaandika baipola. Familia inauliza: Tumwamini nani? Na zile dawa alizomeza miaka yote zilikuwa za nini?

Wapo wanaoamua kwamba hospitali hawajui lolote. Wanaacha dawa siku hiyohiyo na kufunga safari kwenda kwa mganga. Hapo ndipo mgonjwa anapoumia. Kwa hiyo leo tunapenda kueleza kwa nini jina la ugonjwa huu hubadilika, ni kwa kiasi gani tunaweza kuliamini, na familia inaweza kumsaidiaje daktari kulipata mapema.

BAIPOLA NI UGONJWA GANI?

Kila binadamu hufurahi na kuhuzunika. Huo si ugonjwa. Katika baipola, ambayo wengine huiita ugonjwa wa hisia mseto, hali ya moyo hupanda au kushuka kupita kiasi, kwa majuma au miezi, mpaka kazi na maisha ya nyumbani yanavurugika.

Upande wa kupanda huitwa mania. Kwa juma moja au zaidi mgonjwa halali, lakini hachoki. Anaongea mfululizo, anarukia jambo hili na lile, ana mipango mikubwa, anatapanya fedha, ana hasira za haraka, na pengine anavunja mipaka ya ndoa. Wengine husikia sauti, au hudai kwamba wao ni manabii au mawaziri.

Upande wa kushuka ni huzuni nzito, yaani sonona. Kwa majuma mawili au zaidi mgonjwa hana nguvu, hapendi chakula, halali vizuri au analala mno, anajiona hana thamani, na anaweza kutamani kufa. Kati ya vipindi hivi wengi hurudi katika hali yao ya kawaida, wakafanya kazi na kulea watoto.

Ugonjwa huu si wa Wazungu tu. Katika wilaya ya Butajira, nchini Ethiopia, wachunguzi walizungumza na watu zaidi ya 68,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Waliopatikana na baipola walikuwa 315, yaani karibu mtu mmoja katika kila 200. Hebu tuhesabu waumini wazima wanaojaza kanisa Dominika moja, tutaona kwamba jambo hili liko kati yetu.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu tumeutunga, lakini umejengwa na mambo ambayo wauguzi huyaona mara kwa mara.

Kijana anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Alipokuwa na miaka 19 alikaa kitandani miezi miwili, hataki kula wala kuongea. Nyumbani walisema ni mawazo, wengine wakasema ni uvivu. Hakupelekwa popote, na hakuna aliyeandika kitu.

Akiwa na miaka 23 alikesha siku nane. Aliwagawia wapita njia mtaji wake wote, akasema malaika wanamwita. Majirani walimfunga kamba, wakampeleka hospitali akipiga kelele. Aliyeandamana naye ni binamu ambaye haishi naye, na hakujua habari za ule mwaka wa kitandani. Daktari aliona mtu anayesikia sauti na asiyeelewana, akaandika skizofrenia. Kijana akaanza sindano ya kila mwezi, akapata nafuu, akaiacha.

Akiwa na miaka 26 huzuni ilirudi. Safari hii alikwenda peke yake kwenye kliniki nyingine, akasema tu kwamba hana raha. Akapewa vidonge vya sonona. Majuma machache baadaye alikuwa hasikamatiki tena. Ndipo mama yake alipokwenda naye, akaeleza yote tangu mwanzo. Daktari akaweka vipande vitatu pamoja, akaandika baipola.

Je, nani alikosea? Kila daktari aliandika alichokiona siku ile. Mtu akifika ufukweni mara moja tu, wakati maji yamekupwa, atasema hapa pana mchanga na matope. Hawezi kujua kwamba baada ya saa sita bahari itakuwa imejaa. Baipola nayo ni ugonjwa wa kupwa na kujaa. Hauonekani wote kwa siku moja.

MADAKTARI WALIVYOJIFUNZA JAMBO HILI

Mwaka 1899 daktari wa Ujerumani, Emil Kraepelin, aligawa wazimu mkubwa katika mafungu mawili. Fungu moja ni la ugonjwa ambao baadaye uliitwa skizofrenia. La pili ni la ugonjwa wa vipindi vya mania na huzuni. Hakutegemea dalili za siku moja tu, kwa sababu dalili za siku moja hufanana. Alitazama mwendo wa ugonjwa kwa miaka: nani alirudi katika hali yake, na nani hakurudi.

Hata hivyo madaktari waliendelea kutofautiana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1972 ulilinganisha hospitali za New York na za London. Madaktari wa New York walikuwa wakiandika skizofrenia mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa London. Wachunguzi walipowahoji wagonjwa wa miji yote miwili kwa maswali yaleyale na kwa vipimo vilevile, sehemu kubwa ya tofauti ile ilitoweka. Tofauti ilikuwa katika mazoea ya madaktari kuliko katika wagonjwa. Tangu hapo mataifa yameweka mkazo katika miongozo ya pamoja.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kulikuwa na kosa la namna nyingine. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1940, aliandika mwaka 1953 katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani kwamba Waafrika ni nadra kuugua huzuni nzito. Lakini yeye aliwaona wale tu waliofikishwa Mathari, na wanaofikishwa ni wanaosumbua mtaa. Anayelia kimya nyumbani hapelekwi na polisi. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya vijiji viwili vya Uganda, walikokwenda nyumba kwa nyumba. Walikuta huzuni ya ugonjwa kwa wingi, kuliko hata kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliolinganishwa nao.

Funzo letu ni hili: daktari akiona upande wa kelele tu, na upande wa kimya ukafichwa, hataweza kuiita baipola kwa jina lake.

KWA NINI JINA HUBADILIKA?

1. Ugonjwa huja kwa vipande. Wengi huanza na huzuni, na mania hufuata baada ya miaka. Kabla ya mania kutokea hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kuonyesha kwamba ni baipola. Daktari hutegemea macho, masikio na maelezo.

2. Mania kali hufanana na skizofrenia. Magonjwa yote mawili yanaweza kuleta sauti na imani zisizo za kweli. Tofauti hujitokeza baadaye, mgonjwa anapotulia: je, sauti zinabaki hata hali ya moyo ikiwa sawa, au zinaondoka pamoja na mania?

3. Magonjwa ya mwili hujifanya wazimu. Malaria kali, kifafa, kaswende iliyofika kwenye ubongo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na Ukimwi vinaweza kumchanganya mtu. Daktari Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake, nchini Uganda, walieleza mwaka 2006 jinsi mania inayoletwa na Ukimwi inavyotofautiana na mania ya kawaida. Kwa hiyo msikasirike mgonjwa wa akili akipimwa damu. Ni haki yake.

4. Bangi, pombe na dawa za kulevya huficha picha. Familia ikificha habari ya bangi kwa aibu, daktari anapotea njia. Ikidai kwamba kila kitu ni bangi, anapotea vilevile.

5. Miongozo yenyewe hubadilika. Mwongozo wa kumi wa Shirika la Afya Duniani ulitaka vipindi viwili kabla ya kuandika baipola. Mwongozo wa kumi na moja, ulioanza kutumika Januari 2022, unakubali kipindi kimoja cha mania. Mtu yuleyule, mwenye dalili zilezile, anaweza kupata jina jipya kwa sababu hiyo tu.

TUAMINI KWA KIASI GANI?

Huko New York, katika wilaya ya Suffolk, watu waliolazwa mara ya kwanza kwa dalili za wazimu kati ya mwaka 1989 na 1995 walifuatwa kwa miaka kumi. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Karibu nusu yao walibadilishiwa jina la ugonjwa angalau mara moja. Lakini kati ya walioandikiwa baipola mwanzoni, karibu 8 katika kila 10 bado walikuwa na jina hilo baada ya miaka kumi.

Nchini Ethiopia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 katika hospitali maalum za akili ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa hawakuwa na jina sahihi kwenye faili zao. Hapo pia walioandikiwa baipola walikosewa mara chache kuliko walioandikiwa sonona. Na huko Marekani, katika mwaka 2000, wagonjwa wa baipola waliulizwa kuhusu safari yao. Karibu 7 katika kila 10 walisema walipewa kwanza jina jingine, mara nyingi sonona. Zaidi ya theluthi moja walingoja miaka kumi au zaidi.

Kutokana na hayo tunaweza kusema mambo mawili. Kwanza, mania ikishaonekana wazi na magonjwa ya mwili yakaondolewa mashaka, jina la baipola lina msingi mzuri, ingawa si wa asilimia mia. Pili, jina la sonona kwa kijana lipokelewe kama jibu la leo. Tutibu, huku tukiendelea kuangalia.

Daktari anayesema "tungoje tuone" anasema ukweli. Msimdharau.

JINA LIKIBADILIKA, KINABADILIKA NINI?

Wengine husema, "Kichaa ni kichaa, jina la nini?" Hapana. Jina huongoza dawa.

Mtu mwenye baipola akipewa dawa za sonona peke yake, kama amitriptilini, anaweza kusukumwa kwenye mania. Anahitaji dawa ya kutuliza kupanda na kushuka: lithiamu, kabamazepini au sodiamu valproeti. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alieleza faida yake mwaka 1949, ni nzuri sana, lakini haipatikani kila mahali, nayo hutaka kupima damu na figo. Anayeitumia akiharisha au kutapika arudi hospitali haraka, maana dawa inaweza kuzidi mwilini. Sodiamu valproeti inaweza kuharibu ubongo na uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Kwa hiyo msichana au mama anayeweza kupata mimba amweleze daktari mapema, wala asiache dawa peke yake kwa hofu.

Je, zile dawa za skizofrenia zilipotea bure? La. Dawa kama haloperidoli hutuliza mania pia. Ndiyo maana yule kijana wa mfano wetu alipata nafuu kwa sindano. Jina lilipobadilika, matibabu yaliboreshwa. Hayakuanza upya kutoka sifuri.

FAMILIA IFANYE NINI?

(a) Nunueni daftari moja la shule. Andikeni mwaka na mwezi wa kila kipindi: alilala saa ngapi, alitumiaje fedha, alikula, alisema nini, kilidumu siku ngapi, alipewa dawa gani. Andikeni pia miezi ya kukaa kimya kitandani. Hiyo ndiyo inayosahauliwa.

(b) Anayekwenda naye hospitali awe mtu anayeishi naye: mama, mke, mume au dada. Akishindwa kwenda, atume daftari.

(c) Semeni habari za ukoo bila aibu. Kama babu au shangazi aliwahi kuugua hivyo, au kuna ndugu aliyejiua, daktari ajue. Mama aliyechanganyikiwa siku chache baada ya kujifungua asifichwe. Kwa baadhi ya akina mama hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya baipola.

(d) Shikeni kliniki moja. Kutoka Kariakoo, ukipita Faya na kufuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, Muhimbili haiko mbali, na hapa mjini kuna hospitali na zahanati nyingi. Wingi huu ni baraka, lakini una hatari yake: leo hapa, kesho pale, na kila mahali faili jipya. Ikilazimu kuhama, ombeni barua ya rufaa yenye majina ya dawa na tarehe.

(e) Jina likibadilika, ulizeni kwa heshima: "Daktari, umeona nini kipya? Dawa ipi inaendelea, ipi inaachwa, na kwa utaratibu gani?" Daktari mzuri hakasirikii maswali hayo. Msiache dawa ghafla.

(f) Mgonjwa akiwa katika hali yake ya kawaida, kubalianeni naye mapema: ni dalili gani ikianza twende kliniki? Nani ashike fedha kwa muda? Kwa wengi kukosa usingizi siku mbili au tatu ndiyo kengele ya kwanza. Mgonjwa ni mtu mwenye hekima yake. Ashirikishwe.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Msingoje siku ya kliniki ikiwa mgonjwa anazungumza juu ya kufa au kujiua, anagawa vitu vyake kana kwamba anaaga, hajalala wala kula kwa siku kadhaa, ana homa pamoja na kuchanganyikiwa, anatishia wengine, au ni mama aliyejifungua karibuni. Kumwuliza mtu, "Je, umefikiri kujiua?" hakumpandikizi wazo hilo. Kunamfungulia mlango aseme. Ondoeni sumu ya panya, kamba na dawa nyingi nyumbani, na asiachwe peke yake.

NA IMANI YETU?

Tunaulizwa kama ni mapepo. Tunajibu hivi: mpelekeni hospitali kwanza, na muombeeni siku zote. Padre akija kumpaka mafuta matakatifu, vidonge viendelee. Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, yeye mwenyewe alifungiwa na kuchapwa katika hospitali ya Granada, Hispania, kwa kuonekana mwenda wazimu. Alipotoka alijitoa kuwahudumia wagonjwa kwa upole ambao hakuuona kwa wengine. Twamkumbuka kila tarehe 8 Machi.

Kanisa pia linafundisha katika Katekisimu kwamba ugonjwa mzito wa akili unaweza kupunguza wajibu wa mtu aliyejiua, nalo linawaombea. Familia iliyopatwa na msiba huo isitengwe na jumuiya yake.

Basi, ndugu wasomaji, faili likibadilika jina, msimtupe mgonjwa, dawa wala daktari. Mara nyingi kubadilika kwake ni dalili kwamba sasa mtu ameuona mwendo wote. Na kazi ya kuuona mwendo wote hawezi kuifanya daktari peke yake katika dakika chache za kliniki. Ninyi mnaolala naye nyumba moja ndio mnaomwona akipanda na kushuka. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, mkiitembelea nyumba yenye mgonjwa, pamoja na sala na sukari, pelekeni na daftari.

Mungu awabariki, na awape wagonjwa wetu faraja.